Mvumo Chumbani: Laini ya Pekee ya Stima Inasaidia Nini Hasa

Rafiki yangu aliyejenga kule Riat, kilimani nje ya Kisumu, alinipigia simu Jumamosi moja asubuhi. "Mwalimu, panda huku uone. Nimenunua waya." Nilipofika nikakuta rola tatu juu ya meza ya chakula, moja ya kahawia, moja ya bluu, moja ya kijani na njano, zote za waya wa 10. Kwa asiyejua, mafundi wa stima huuita waya kwa ukubwa wa uso wa shaba yake ukiukata kama ndizi, kwa milimita za mraba. Kuna wa 1.5 wa taa, wa 2.5 wa soketi, kisha wa 4, wa 6 na kuendelea. Waya wa 10 ni ule unaouona ukitoka mita kuingia kwenye boksi la breka, au ukilisha jiko kubwa la stima. Yeye alitaka kulishia amplifaya.

Sikumcheka, maana chumba chenyewe ni cha kuonewa wivu. Amekiweka nyuma ya nyumba, mbali na barabara, akatandika zulia zito na kujaza ukuta mmoja rafu za vitabu ili sauti isirukeruke, na katikati akaacha kiti kimoja tu. Santuri alizoachiwa na babake, benga nyingi na rumba ya Kongo, zimejaa makasha manne. Taabu ni kwamba wimbo ukiisha, kabla wa pili haujaanza, chumba hakinyamazi. Kuna mvumo wa chinichini, kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini bado amesimama mlangoni.

"Stima ya huku ni chafu," akaniambia. "Nataka laini yangu mwenyewe kutoka mita, nene, isiyogusana na mambo ya jikoni."

Wazo la laini ya pekee kwa chumba cha muziki si la kipuuzi, na mwishowe tuliijenga. Lakini sababu alizokuwa nazo hazikuwa zenyewe. Watu wanapozungumzia jambo hili hufunga mambo matatu katika fundo moja, yaani unene wa waya, usafi wa stima na ethi, ule waya wa kijani na njano unaounganisha vifaa na ardhi. Ukiyafungua utaona kwamba lile linaloondoa mvumo ndilo la rahisi kuliko yote, na ndilo lisilotajwa dukani.

Unene

Amplifaya iliyoandikwa wati 100 kila upande haitoi wati 200 mtu anaposikiliza nyumbani. Kwa spika za kawaida, wati 1 au 2 zinatosha kumfanya jirani ajue unapenda nini. Nyingine hukaa akiba zikisubiri kishindo cha ngoma. Kutoka ukutani mashine kama hiyo huvuta labda wati 100, na sehemu kubwa hugeuka joto. Gawanya kwa volti 240 upate kama ampea 0.4. Birika la stima la wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8, na sijasikia mtu akilitafutia waya maalumu ili chai ikolee.

Sasa hesabu ya njiani. Waya wa 2.5 hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita, kwenda na kurudi kukiwa kumeshahesabiwa. Wa 4 hupoteza 11, wa 10 hupoteza 4.4. Kutoka boksi la breka hadi chumbani kwa rafiki yangu ni mita 15. Tumpe basi mzigo ambao hataufikia, kilowati nzima, yaani ampea 4 na kidogo. Kwa waya wa 2.5 atapoteza kama volti 1.1, kwa wa 4 volti 0.7, kwa wa 10 volti 0.3. Kati ya wa 4 na wa 10, kwa zile rola tatu zote, ameokoa chini ya nusu volti.

Nilichomeka kipimo changu kwenye soketi yake saa sita mchana kikasoma 243. Saa mbili usiku, mtaa ukiwa umewasha kila kitu, kilisoma 221. Laini ya mtaa yenyewe inacheza volti 22 na amplifaya haisemi neno, kwa sababu imeundwa kuvumilia volti inayopanda na kushuka. Nusu volti yako haitasikika.

Wenye imani na waya mnene wana hoja moja ya kweli, nami nitawapa haki yao. Amplifaya haivuti mkondo kwa utaratibu kama balbu ya zamani. Kapasita zake, yaani vihifadhi vya stima vilivyo ndani yake, hujazwa kwa vipande vifupi, wimbi la stima linapofika kileleni, mara 100 kwa sekunde, na katika vipande hivyo mkondo huwa mara kadhaa ya wastani. Kwa hiyo kupanda kutoka 2.5 hadi 4 kuna maana, hasa safari ikiwa ndefu. Kutoka hapo kwenda juu unanunua shaba ya kutazama. Isitoshe, waya wa 10 haukunjiki nyuma ya soketi ya kawaida. Fundi ataulazimisha, skrubu itabana nusu ya shaba, na baada ya mwaka mmoja wa kupata joto na kupoa kiungo kitalegea. Kiungo kilicholegea ni kibaya kuliko waya mwembamba mara mia. Huko ndiko moto wa nyumba unakoanzia.

Kama pesa inakuwasha, itumie kuhakikisha waya ulionunua ni kweli wa namba iliyoandikwa. Niliwahi kununua rola, dukani sitaji, ambayo plastiki yake ilikuwa nene na shaba imekonda. Rola ya mita 100 ya waya wa 2.5 inapaswa kuwa na shaba tupu ya kilo 2.2 hivi, na ukinzani wake toka ncha hadi ncha uwe kama omu 0.74. Wa 4 uwe na kilo 3.6 na omu 0.46. Ikikupa omu 1 kwa ule wa 2.5, ulichouziwa ni waya mwembamba uliovaa koti. Kwangua ncha pia. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba.

Usafi

Hapa ndipo neno "chafu" linapopoteza watu. Stima inaweza kuharibika kwa namna mbili zisizofanana. Volti inaweza kushuka na kupanda, na pia wimbi lenyewe linaweza kubebeshwa makelele madogo ya masafa ya juu.

Volti ikishuka, laini ya pekee haisaidii kitu. Chukua shawa ya stima ya wati 5,500. Mtoto akiifungua inavuta karibu ampea 23. Ukinzani wote kutoka transfoma ya mtaa hadi boksi lako, kwenda na kurudi, ukiwa omu 0.3, nyumba nzima inashuka volti 7 papo hapo, taa zinafifia, na laini yako mpya ya muziki inashuka nazo. Kisima ni kimoja. Umechimba mfereji wako mwenyewe, lakini maji yametekwa juu zaidi.

Kwa makelele, laini ya pekee inasaidia kiasi. Friji, pampu ya maji na mashine ya kufulia zinapozimika hutupa mshtuko mfupi kwenye waya, ule unaousikia spikani kama "tak". Zikiwa kwenye waya mwingine, mshtuko hauna budi kurudi hadi kwenye boksi kisha ushuke tena kwako, na njiani unachoka. Hauishi. Dawa yake ya kweli iko kwa mkosaji mwenyewe. Katika nyumba ya rafiki yangu mkosaji mkubwa alikuwa balbu moja ya LED ya bei ya chini kwenye korido. Tuliizima, na mkwaruzo uliokuwa ukisikika kwenye redio ya AM ukatoweka. Redio ndogo ya AM ya betri, ikiwekwa katikati ya stesheni mbili, ndiyo mbwa wa kunusa uchafu huu. Tembea nayo nyumbani, isogeze karibu na kila chaja na kila taa, itakuonyesha. Tulifanya hivyo jioni nzima, mkewe akitutazama kama watu waliopoteza kitu wasichokumbuka jina lake.

Kuna na mvumo usiotoka spikani kabisa. Weka sikio kwenye amplifaya yenyewe. Kama kasha ndilo linalonguruma, hiyo ni transfoma, na mara nyingi ya duara. Transfoma hizo hukasirika wimbi la stima likiwa zito upande mmoja kuliko wa pili, jambo linalosababishwa na vifaa vinavyotumia nusu ya wimbi, kama vile mashine fulani za kukausha nywele zikiwekwa kwenye moto mdogo. Pia hukasirika zikilishwa na inveta ya sola ya bei rahisi inayotoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini. Upande huu wa nchi wengi tumeweka sola kwa ajili ya siku ambazo stima inapotea. Ukinunua inveta ya kuendeshea muziki, omba ya wimbi laini kamili, au siku hizo usikilize redio yako ya betri.

Ethi, na jibu lenyewe

Mvumo wa chumba cha Riat ulitoka spikani. Ulipanda sauti ilipoongezwa na ukapungua iliposhushwa. Habari hiyo moja inatosha kuiondolea amplifaya lawama, kwa kuwa mvumo unaotii kitufe cha sauti unaingia kabla ya kitufe, yaani kutoka kwenye vile vinavyoilisha. Tulichomoa kebo moja moja. Kicheza CD kilipotoka, mvumo ukabaki. Meza ya santuri ilipotoka, ukapungua kidogo. Tulipochomoa kebo ya dekoda ya TV, kimya kilishuka chumbani hadi tukasikia kuku wa jirani.

Mambo yalikuwa hivi. Amplifaya ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya chumba hicho. Dekoda ilikuwa sebuleni, kwenye soketi nyingine, kwenye mzunguko mwingine wa nyaya, na kebo yake ya dishi ilipanda hadi paani ambako dishi limefungwa kwenye chuma kile kile kinachobeba tangi la maji. Kila kimoja cha vitu hivi kimegusa ardhi kwa njia yake. Ethi ya soketi moja na ethi ya soketi nyingine si kitu kimoja, hata kama nyaya zote mbili ni za kijani na njano. Kila kifaa huvujisha mkondo mdogo kwenye ethi, jambo la kawaida kabisa, na mkondo huo ukipita kwenye waya wenye ukinzani huacha volti ndogo. Kwa hiyo ethi ya sebuleni ilikuwa juu kidogo ya ethi ya chumbani. Ukiziunganisha kwa kebo ya sauti, umetengeneza daraja, na mkondo utalivuka.

Daraja hilo ni lile ganda la nje la kebo ya RCA, ile ya kawaida ya kuunganishia vyombo vya muziki, ambalo pia ndilo njia ya kurudia ya muziki. Tuseme mkondo ni milliampea 10 tu na ganda lina ukinzani wa omu 0.1. Hapo umepata milivolti 1 ya mvumo wa mara 50 kwa sekunde, imekaa ndani ya wimbo. Kicheza CD hutoa volti 2 kinapopiga kwa nguvu zote, kwa hiyo mvumo ni sehemu moja ya 2,000. Inaonekana kidogo, lakini sikio katika chumba kimya huisikia. Kwa santuri hali ni mbaya zaidi. Sindano hutoa kama milivolti 5 tu, na huongezwa mara 100 kabla ya kufika kwa amplifaya. Ndiyo maana mwenye santuri analalamika mvumo na jirani yake mwenye simu na spika ya bluetooth haelewi analia nini.

Sasa angalia laini ya pekee inaleta nini. Soketi zote za muziki zinakaa pamoja, sentimita chache kati yao, zikigawana ethi moja. Tofauti ya volti kati ya ethi ya amplifaya na ethi ya kicheza CD inakuwa karibu sifuri, na bila tofauti hakuna mkondo wa kuvuka daraja. Huo ndio muujiza wote. Kwa maneno mengine, ukichukua ekstensheni moja nzuri, ukachomeka vifaa vyote vya muziki humo, umepata sehemu kubwa ya faida hiyo leo jioni bila kuvunja ukuta. Jaribu hilo kwanza. Vifaa hivi havivuti hata robo ya uwezo wa plagi ya ampea 13.

Na dekoda? Haitatibiwa na laini yoyote, kwa sababu ethi yake ya pili inatoka paani. Tuliipeleka sauti yake kwa kebo ya mwanga, ile nyembamba yenye taa nyekundu ncha, ambayo haina shaba ndani yake. Mwanga hauna habari ya ethi. Ilituchukua dakika tano.

Kuna dawa nyingine utakayoambiwa na vijana wa sauti wa matanga na harusi, ya kukata pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya. Mvumo huisha kweli. Kinachoisha pia ni ulinzi wako, maana siku waya wa laivu, ule unaoleta stima, utakapochubuka ndani ya kasha, kasha lote litakuwa laivu, na litasubiri mkono. Yule mwimbaji anayeshika maikrofoni huku midomo ikipata "shoti" anakueleza hadithi hiyohiyo. Kifaa kilichotengenezwa na pini ya ethi kibaki nayo.

Tulivyoijenga

Baada ya kimya kile rafiki yangu aliniuliza kama bado anahitaji laini. Kwa mvumo, hapana. Lakini chumba kilikuwa na soketi moja tu, iliyoungwa kwenye mzunguko wa jikoni, na kila pampu ilipozimika ile "tak" ilisikika. Tukaamua kuijenga vizuri mara moja, na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, kwa sababu kufungua boksi la breka si mahali pa mwalimu mstaafu kujifunzia.

Nyumba nyingi za Kenya zimerithi kutoka kwa Waingereza mtindo wa mzunguko wa pete. Waya wa 2.5 hutoka kwenye breka ya ampea 32, huzunguka soketi zote, na kurudi pale pale ulipotoka. Mtindo huo ulianza kutumika Uingereza baada ya vita kuu ya pili, shaba ilipokuwa adimu, sambamba na plagi ya pini tatu za mraba iliyowekewa kanuni mwaka 1947. Kwa soketi za chumba cha kulala haina ubaya. Kwa muziki, laini inayokwenda upande mmoja na kuishia hapo ni bora, maana hujui tu bali unaona ni nini kimeungwa nayo. Yetu ilikuwa ya waya wa 4, kutoka boksi hadi soketi pacha mbili zilizokaa bega kwa bega, bila kiungo hata kimoja njiani.

Jambo ambalo fundi alilipinga kidogo ni kusokota. Huku kwetu waya huvutwa mmoja mmoja ndani ya paipu ya plastiki ukutani. Laivu, nyutro (waya wa kurudishia stima) na ethi hulala ovyo humo, ethi ikiwa karibu na laivu hapa na karibu na nyutro pale. Mkondo wa laivu unazungukwa na uga wa sumaku, na wa nyutro pia, ukielekea upande wa pili. Ethi ingekaa katikati yao sawasawa, uga hizo mbili zingefutana. Ikikaa upande mmoja, mmoja unashinda, na volti ndogo huzaliwa kwenye ethi yenyewe, hasa ya yale masafa ya juu yanayokwaruza. Ukisokota laivu na nyutro pamoja, kila moja hubadilishana nafasi na mwenzake kila sentimita chache na ethi haioni mshindi.

"Mzee, tangu nianze kazi sijawahi kusokota waya ya nyumba," fundi alimwambia mwenye nyumba, si mimi.

"Na mimi tangu nijenge sijawahi kulala na mvumo nikiupenda," akajibiwa.

Tulifunga ncha mbili kwenye drili, mtu mmoja akashika mwisho wa ukumbi, drili ikazungushwa polepole. Kata waya mrefu kuliko unavyodhani, kwa sababu ukisokotwa hupungua, na tumia paipu ya milimita 25 badala ya ya 20 au mtavutana hadi giza. Ethi ipite humo humo ikiwa peke yake, imenyooka. Anayetumia kebo bapa ya nyaya tatu hana haja ya haya yote, ilimradi ethi imelala katikati ya zile mbili.

Breka nayo. Amplifaya nzito yenye transfoma ya duara hunyakua mkondo mkubwa kwa nukta inapowashwa. Breka ya aina B ya ampea 20 inaweza kuruka papo hapo kuanzia ampea 60, ya aina C kuanzia 100. Tuliweka C ya ampea 20, ya ile aina iliyounganishwa na kinga ya kuvuja ya milliampea 30 ndani yake, ili pampu ikiharibika isizime muziki, na muziki ukiharibika usizime friji. Kinga hiyo ya milliampea 30 haina mjadala huku. Kama ethi ya nyumba inategemea fito peke yake, yaani chuma kilichopigwa ardhini, yenye ukinzani wa omu 30, hitilafu ya laivu kugusa kasha itapitisha ampea 8 tu. Breka ya 20 itazitazama ampea 8 kama mzigo wa birika na kuendelea na kazi yake, huku kasha likiua.

Nyumba yenye stima ya fezi tatu, yaani nyaya tatu za laivu badala ya moja, kama baadhi ya zile za mtaa wa Milimani, ina onyo la ziada. Vifaa vyote vya muziki vikae fezi moja. Kati ya fezi na fezi kuna volti 415, na hutaki zikutane ndani ya kebo ya sauti.

Fito ya pili

Rafiki yangu alikuwa amesikia habari za "ethi safi". Chimbia chumba cha muziki fito yake mwenyewe nje ya dirisha, iunge na soketi zako tu, usiiguse ile ya nyumba. Katika mawazo yote aliyokuwa nayo, hili pekee ndilo lililonitisha.

Sisi tunaishi pembeni mwa moja ya sehemu zenye radi nyingi duniani. Mchana upepo wa Ziwa Viktoria hupanda kuelekea Kakamega, Nandi na Kericho, na alasiri mawingu hupasuka juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka na radi huhamia juu ya maji, na mtu wa Riat hukaa barazani akiitazama kama sinema. Radi ikipiga karibu, si lazima ikupige wewe. Ikiingiza ampea 1,000 kwenye fito yenye omu 10, fito hiyo inapanda volti 10,000 juu ya ardhi ya mbali. Kama una fito mbili zisizounganishwa, moja ya nyumba na moja ya muziki, hizo volti 10,000 ziko kati ya amplifaya yako na kila kitu kingine nyumbani. Zitatafuta mahali pa kuvukia, na pa kuvukia ni kebo ya sauti au wewe uliyeshika kitufe. Fito zikiunganishwa, nyumba nzima hupanda pamoja na kushuka pamoja, kama mashua na mizigo yake juu ya wimbi.

Tukaongeza kizuia radi cha aina ya pili ndani ya boksi la breka, nyaya zake zikiwa fupi kadiri ya uwezo, kwa sababu kila sentimita ya waya hapo hupunguza kazi yake. Na bado mawingu yakijikusanya yeye huchomoa plagi, pamoja na kebo ya dishi. Hiyo haijapata mpinzani.

Ila fito ya nyumba yenyewe ilikuwa na kasoro. Riat ni mwamba. Fundi wa kwanza, wakati wa ujenzi, alipiga fito ya mita 1.2 ikagoma katikati, naye akakata kichwa kilichobaki nje na kufunika kwa simiti. Wanaokaa uwanda wa Kano chini kule wana udongo mweusi wa mfinyanzi unaopokea fito kama siagi, ingawa nao kiangazi hupasuka na kuiachia. Tulipima tukakuta kweli ilikuwa dhaifu. Tukatembea uwanjani hadi upande wa bondeni, nyuma ya tangi, mahali ambapo nyasi hazikauki, na fito mpya ikazama yote.

Kutoka pale hadi boksi la breka kulihitajika waya mnene wa ethi, ndani ya paipu, bila kiungo. Wa kahawia na wa bluu mwenye duka aliupokea akamrudishia pesa. Ile rola ya kijani na njano hakuirudisha.